Magunia ya Laini ya Tatu

Nafula, mwanangu,

Karatasi hizi nimezichana kutoka kitabu cha wageni, ndiyo maana juu yake kuna safu zilizochapwa: Jina, Alikotoka, Saa ya Kuingia, Saa ya Kutoka, Kusudi la Ziara. Mwandiko wangu umezipita zote kama ng'ombe aliyevunja ua, usinicheke. Kitabu hiki nilipewa siku ya kwanza ya kazi hii ya ulinzi, na kwa miaka mitatu sijajaza hata nusu yake. Nani atembelee kiwanda kitupu? Wewe na mama yako mmekwenda mjini kutafuta sanduku la magurudumu, na mimi nimekaa kibandani hapa langoni, jua la saa nane likinichoma goti kupitia dirisha. Zamu yangu inaisha saa kumi na mbili. Nina muda.

Sitakuandikia habari za sweta, dawa za malaria, wala za shangazi yako wa Bugembe, ambaye ameapa kusimama kando ya barabara kesho asubuhi na chapati za mayai, gari lisimame lisisimame. Hayo yote yako mikononi mwa mama yako. Nimemwona akifunga malewa katika mifuko mitatu ya nailoni, yale machipukizi ya mianzi ambayo hapa nyumbani huyali mpaka ulazimishwe. Anasema huko Misri utayalilia. Huenda. Mimi nina jambo moja tu, na nimeshindwa kulisema kwa mdomo tangu barua yako ya kazi ilipofika.

Nianze na dogo, mkono uzoee. Ile pasipoti yako iliyopotea siku mbili wiki iliyopita, ukapekua hadi ndani ya pipa la unga, haikupotea. Nilikuwa nayo mimi. Niliichukua mezani ulipokuwa unaoga, nikaja nayo kazini ndani ya koti la mvua, nikaiweka chini ya mto wa kiti hiki ninachokalia. Sikuwa na mpango. Nilijua tu kwamba huko Entebbe hawampandishi ndege mtu asiye na pasipoti, na kwa siku mbili nilikaa juu yake nikijiona mwenye nguvu. Jioni ya pili nikarudi nikakukuta sakafuni, nguo zote za nyumba zimemwagwa, hulii, unakunja shati moja na kulikunjua, unalikunja na kulikunjua. Nikaenda nyuma ya kabati nikajifanya nimeiona. Ukanikumbatia ukasema, "Baba, wewe ndiye macho ya nyumba hii." Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona, na bado ninaiona. Nisamehe.

Nilifanya ujinga ule kwa sababu ya barua yenyewe. Uliisoma kwa sauti, umesimama mezani, na wadogo zako wakapiga makofi kila ulipovuta pumzi. Kampuni ile ile iliyofunga kiwanda hiki ninachokilinda inachukua vijana kutoka kila nchi ambako iliwahi kufanya kazi, inawapeleka Misri kwa miaka miwili, inawafundisha. Kisha ukasoma kazi utakayofanya: kukaa kando ya wafanyakazi wenye uzoefu, kukusanya mbinu zao, na kuziandika katika mwongozo utakaotumika popote kampuni itakapofungua kiwanda kingine. Ukacheka. "Baba, yaani nitalipwa kwa kusikiliza watu." Mimi nikatoka nje, nikasema naenda kuangalia kuku. Unajua vizuri kwamba hatuna kuku tangu Pasaka.

Na Jumapili mchungaji akakusimamisha mbele ya kanisa zima akakulinganisha na Yusufu aliyekwenda Misri akainuliwa. Watu wakasema amina. Mimi benchi la nyuma nikakumbuka ni nani waliomuuza Yusufu, na kwamba hawakutoka mbali.

Basi nisikilize.

Wewe ulizaliwa Walukuba, Jinja, nilipokuwa kiwanda cha nguo. Nilifika pale kutoka Bungoma nikiwa kijana, na Kiswahili changu kiliniletea matata, kwa sababu watu wa pale wakikisikia wanadhani umetumwa na jeshi. Aliyenifundisha kazi alikuwa mtu wa kaskazini aliyeitwa Opio, mwenye hasira za karibu, ambaye hakuwahi kunipa ushauri hata mmoja juu ya maisha. Alinifundisha mashine tu. Alinionyesha kuweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni, usikie beringi inayokaribia kufa siku mbili kabla haijafa. Siku niliyoisikia kwa mara ya kwanza nilitaka kumkimbilia meneja. Akanikamata ukosi wa shati.

"Hii ya sisi," akasema. "Ofisi nasikia, ofisi nafukuza mafundi tatu, nabakisha moja na bisibisi."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu, na hakuna aliyeiandika: kile ambacho laini, yaani safu ya mashine na watu wake, imekigundua kinabaki kwenye laini. Hata waliogombana Walukuba hadi kurushiana sufuria waliiheshimu asubuhi. Ninakueleza haya ili usije ukanitetea kwamba baba hakujua. Nilijua vizuri sana.

Kiwanda cha nguo kikafungwa. Redio ikawa inaimba wawekezaji, wawekezaji, na kampuni hii ya kutoka nje ikaleta mashine za kuunganisha vipande vya simu hapa Mbale. Tukahamia Namatala. Unakumbuka lile lori, ulikaa juu ya godoro umekumbatia jiko kama mtoto wako. Nikafanywa msimamizi wa laini ya tatu, watu kumi na wanne chini yangu, kumi na mmoja kati yao wanawake. Nilipewa beji yenye picha. Mama yako aliwaonyesha majirani wote.

Kuna kitu ulichokisoma chuoni kwa jina lake kubwa, lakini ngoja nikueleze tulivyokijua sisi. Kiangazi, hewa ikikauka, mwili wa mtu hubeba umeme mdogo. Ukigusa kitasa cha chuma unashtuka kidogo, unacheka. Ukigusa bodi ya simu, kile kibao cha nyaya kilicho ndani yake, wewe husikii kitu, na bodi inakufa. Kampuni ilileta mashine ya kutia unyevu hewani. Iliharibika kiangazi cha kwanza, na kipuri chake kikakaa bandarini mpaka mvua zikarudi zenyewe. Bodi zilikufa kwa makasha, na wakubwa wakaanza kutuangalia mikono.

Sasa, Nambozo. Wewe unamjua kama mama wa sukuma wiki pale sokoni Namatala, yule aliyekuwa anakupa nyanya ya nyongeza ukitumwa. Kabla ya kiwanda alikuwa anauza mboga, na baada ya kiwanda anauza mboga. Katikati hapo alikuwa mikono bora ya laini yangu. Sokoni alizoea kufunika mboga zake kwa magunia yaliyoloa ili zisinyauke, na akajua kwa ngozi yake kwamba karibu na gunia bichi hewa ni nyingine. Asubuhi moja alikuja na magunia sita mgongoni, akayalowesha kwenye bomba la nje, akayatundika madirishani upande wa laini ya tatu. Hakumwomba mtu ruhusa. Jioni tulihesabu bodi zilizokufa, hatukuamini, tukahesabu tena.

Tukakubaliana pale pale kwenye bomba, watu kumi na watano pamoja nami: hakuna wa kusema. Wakubwa wakiuliza, magunia ni ya kuzuia vumbi. Wakauliza, tukawajibu, wakaridhika, maana vumbi la Mbale halihitaji ushahidi. Kiangazi kilichofuata laini ya kwanza na ya pili zilipunguzwa watu, sisi hatukuguswa. Sikuambii tulikuwa malaika. Kulikuwa na mama wa laini ya pili aliyerudishwa nyumbani na mimba ya miezi minane. Tukamchangia sukari na sabuni, tukanyamaza.

Halafu akaja mhandisi kutoka makao makuu yao. Tulimwita Bwana Kalamu, kwa sababu mfukoni alikuwa na kalamu nne, kila moja na rangi yake. Ningependa kukuambia alikuwa mtu mbaya, ingenipunguzia. Alikuwa mwema. Alikaa nami wiki tatu, alikula chapati za mayai hapa langoni akilamba vidole, alijifunza kusema "mulembe" akamsalimia kila mtu hadi mfagiaji wa vyoo. Na aliniuliza kwa nini. Kwa nini unaanza na upande huu, kwa nini unaiinamisha hivi? Miaka yangu yote ya kiwanda, Jinja na hapa, niliambiwa fanya hivi na acha vile. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini. Nilikuwa na kiu ya swali hilo na sikujua. Aliniita mwalimu, Nafula. Mimi niliyeachia shule njiani.

Wiki ya tatu akaniuliza kwa nini bodi za laini ya tatu hazifi kiangazi. Nikamwambia magunia ni ya vumbi. Akatabasamu, akaandika kwa kalamu nyekundu. Sijui aliandika nini, ila ile nyekundu iliniuma. Ama aliona nadanganya, ama aliona mwalimu wake hajui, na sijui ni lipi lililoniuma zaidi. Siku moja kabla alikuwa ametaja kwamba kampuni inatafuta wasimamizi wawili wa kupeleka ng'ambo kwa mafunzo. Sitamsingizia kwamba alinihonga. Alilitaja tu, juu ya jambo jingine. Mimi ndiye niliyeyaunganisha hayo mawili kichwani mwangu nikiwa nakunywa chai.

Asubuhi nikamwambia mama yako anipigie pasi ovaroli. Akashangaa, akapiga. Nikaenda nikamweleza Bwana Kalamu kila kitu: magunia mangapi, maji ndoo ngapi, yaloweshwe saa ngapi, yakae umbali gani kutoka mezani. Alipima kwa futi. Alichora dirisha. Alinipiga picha nikitundika gunia, natabasamu hadi magego yanaonekana. Kisha akauliza ni nani aliyegundua. Nikasema, "Sisi." Kalamu yake ilikuwa bado iko juu, inasubiri jina. Nikasema, "Mimi."

Nimeliandika. Mara ya kwanza kuliona neno hilo kwenye karatasi ya kwangu mwenyewe.

Miezi saba baadaye tukaitwa uwanjani tukaambiwa laini zinahamia Misri. Sababu unazijua, zilisemwa redioni: muda wa msamaha wa kodi unakwisha, umeme unakatika, bandari iko mbali, Misri wamewapa masharti mazuri zaidi. Labda yote ni kweli. Labda wangeondoka hata kama ningezaliwa bubu. Lakini Misri ni nchi kavu, na watu hawa walikuwa wamekwisha kuona ukavu unavyoua bodi zao. Nimeligeuza jambo hili kila siku nikizunguka jengo, na sijafika mwisho wake. Nikisema ni mimi niliyewafungulia njia, najipa ukubwa nisio nao. Nikisema si mimi, nayaona magunia. Na hakuna mtu wa kumuuliza, kwa kuwa anayejua yuko ghorofani katika mji nisioujua, na hajui kwamba kuna swali.

Tulifungasha wenyewe. Wiki mbili tukazifungua mashine tulizozifunga kwa mikono yetu, kila skrubu na mfuko wake, kila mfuko na namba. Siku ya mwisho Nambozo alikuwa mlangoni pa kontena anapitisha utepe wa gundi juu ya makasha. Kasha moja lilikuwa wazi. Ndani yake magunia sita ya Namatala, yamekunjwa vizuri, yamebandikwa namba kama vipuri vingine. Akayatazama. Akanitazama mimi, nimeshika orodha. Akalifunga lile kasha, akalipitishia utepe mara mbili, akavuta jingine.

Mafunzo ya ng'ambo hayakuja, bila shaka umeshajua. Walipotafuta mlinzi wa jengo nikapewa mimi, kwa sababu najua milango yote. Kulabu za magunia bado ziko madirishani. Sakafuni kuna alama za miguu ya meza, na nikipita pale ndani nazizunguka, sizikanyagi. Miaka mitatu nalinda kitu ambacho hakipo, na kila mtu ananiita afande. Nambozo pia. Namnunulia mboga kila Jumamosi; ananiambia, "Chukua hii, afande, hii iko fresh," ananirudishia chenji, ananiuliza habari ya mama yako. Angenitukana mara moja mbele ya soko zima ningelala vizuri. Wale wengine kumi na watatu sijui walijua kiasi gani. Nikikutana nao njiani nabadilisha upande wa barabara kabla hawajabadilisha wao.

Sasa unaona kwa nini ile barua ilinitoa nje. Utakapofika huko watakuwekea mwongozo mbele yako, na katika ukurasa fulani utamkuta baba yako, mwembamba kidogo, ovaroli ina mistari ya pasi, anatabasamu na gunia mkononi. Sikutaka ukutane naye peke yako ugenini, umwonee fahari mbele ya wenzako. Halafu baada ya hapo watakupa kalamu.

Ningeweza kukuambia usiende. Umeshaona nilivyojaribu, kwa makalio. Siwezi. Diploma yako imekaa kwenye bahasha mwaka mzima, na katika mji huu hakuna mlango uliougonga ukafunguka. Wadogo zako unawajua, na mshahara wa mlinzi unaujua. Nikikuzuia nakufungia humu pamoja nami, tukizunguka alama za meza. Nikikuruhusu nakutuma ukawafanyie wengine nilichofanyiwa. Au nilichofanya, hata neno sijui nitumie lipi. Nimegeuka huku, nimegeuka huku, njia ya tatu sijaiona, na kesho gari linaondoka. Naogopa, mwanangu. Naogopa usipoweza kazi ile, na naogopa zaidi ukiiweza. Na utaiweza. Una masikio ya mama yako.

Sikuombi ukatae kuandika. Watakurudisha kwa ndege ya kwanza, na wataleta mwingine mwenye kalamu. Ninaomba dogo. Mtu atakapokufungulia jambo lake, na atakufungulia, kwa sababu utamuuliza kwa nini na utamwangalia machoni akijibu, usiinue kalamu hapo hapo. Muulize, "Hii ni yako peke yako?" Kisha unyamaze, hata kama bosi amesimama nyuma yako. Mwache apate nafasi ya kukumbuka wenzake. Labda atadanganya. Labda atasema kweli na wewe utakosa la kufanya, utakwama hapo kati, kama nilivyokwama. Lakini atakuwa ameulizwa. Mimi niliulizwa nani aligundua, na hilo ni swali jingine kabisa. Lina mlango wa kujisifia. Ninaposema hivi sijitetei. Huenda hata ningeulizwa lile la kwanza bado ningesema ni yangu.

Hapo nilidhani barua imekwisha. Nilikuwa nakunja karatasi nikasikia geti linagongwa kwa sarafu.

Alikuwa Nambozo. Tangu siku ya kontena hajawahi kufika hapa. Alikuwa na kikapu kichwani na mfuko wa karanga mkononi, bado una joto.

"Mulembe, afande."

"Mulembe. Karibu."

"Sikai. Mtoto anaenda kesho?"

"Kesho asubuhi."

"Anaenda kule magunia ilienda?"

Nafula, miaka mitatu nimelisubiri neno hilo, na lilipokuja lilikuja taratibu tu, kama anayeuliza bei ya kitunguu. Nikasema ndiyo. Nikasema, "Mama, ni mimi niliyesema." Akatikisa kichwa kama ninamchelewesha.

"Hiyo najua. Ulikuwa umepiga ovaroli pasi." Akanipa karanga kupitia vyuma vya geti. "Hii ya Nafula. Mwambie asigawie watu yote kwa gari."

Nilifungua geti. Hakuingia, akasimama pale kwenye mstari wa geti, akatazama juu kwenye madirisha, kulabu zote sita.

"Simiyu," akasema. Jina langu, si afande. "Wewe ulipeana nusu."

"Nusu gani?"

"Magunia peke yake haiwezi. Wewe ulikuwa supavaiza, unaangalia madirisha. Kulikuwa ingine. Sisi wamama tulikuwa tunafanya kila siku mbele yako, na hatukuambia wewe."

"Kwa nini?"

Akacheka, cheko la kweli. "Sasa wewe unauliza kwa nini?"

Kisha akaniambia. Pale pale getini, kwa maneno machache, akionyesha kwa mikono. Ni kitu chepesi mno. Nilipita kando yake miaka yote ile na beji yangu. Alipomaliza akajitwika kikapu vizuri.

"Hiyo ni ya mimi na wale wamama," akasema. "Sasa umejua. Wacha tuone."

Akaenda zake. Hakusema nikuambie, wala hakusema nisikuambie.

Nimekaa na kalamu karibu saa nzima tangu aondoke. Bodi zao huko lazima bado zinakufa, wanashangaa kwa nini magunia yetu hayafanyi kazi waliyoahidiwa. Wewe ukiingia na hii nusu ya pili, mwezi wako wa kwanza tu, utakuwa mtu mkubwa. Wangekuongezea mkataba. Wangekuita mwalimu. Mistari minne ingetosha, na karatasi ninazo. Mkono umeniwasha, sikufichi, mara mbili nimeanza na mara mbili nimekata. Hizo ndizo alama nyeusi unazoziona hapo juu, na usihangaike kuziweka juani, nimekandamiza vizuri.

Sitaiandika. Kesho gari lenu litapita soko la Namatala kabla ya saa moja, na Nambozo hufungua meza yake saa kumi na mbili. Mwambie dereva asimame. Shuka, umshukuru kwa karanga, umsalimie kwa magoti yote mawili hata kama una suruali mpya. Akitaka kukuambia atakuambia. Asipotaka, panda gari uende, na mimi nitakuwa nyuma ya mama yako nikipunga mkono kama watu wengine.

Nimemwandika kitabuni, maana ndiyo kazi ninayolipwa, na ni mgeni wangu wa kwanza mwaka huu. Jina: Nambozo. Alikotoka: Namatala. Saa ya kuingia: tisa na nusu. Saa ya kutoka: kumi kasorobo. Kusudi la Ziara nimeacha wazi.

Baba yako,
Simiyu